Kabla Hujapiga Stata: Kuifufua Land Rover ya Zamani Kagerankanda

Usipige stata. Najua betri imeazimwa kwa jirani, vijana wamejaa uani, na mama mwenye nyumba ametoka jikoni kusikia kama gari la marehemu mzee litanguruma tena. Waache wasubiri. Injini iliyolala miaka mitano chini ya mwembe haina oili pale inapohitajika. Yote imeteremka chini, na ringi za pistoni zimeng'ang'ania ukuta wa silinda palepale zilipokomea siku ya mwisho. Sekunde moja ya stata yenye nguvu inatosha kuvunja ringi. Na ringi ya Land Rover ya zamani si kitu cha kwenda kununua Kasulu mjini jioni. Utaagiza Gerezani, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa njia ya reli kutoka Kigoma, kisha uombe Mungu wakuletee saizi yenyewe.

Hapo ndipo kazi hii inapotofautiana kati yetu na mtu wa Arusha au Nairobi. Yeye akikosea ananunua kesho asubuhi. Wewe ukikosea, gari linalala masika nyingine nzima. Kwa hiyo yote nitakayokueleza yamesimama juu ya jambo moja: huku kwetu kupima ni rahisi kuliko spea. Usibadilishe kitu ambacho hujakipima. Usibadilishe viwili kwa mpigo pia, maana injini ikiwaka hutajua kipi kilikuwa kibovu, na kujua huko ndiko utakakokuhitaji siku likikuzimikia katikati ya mashamba, jua linazama na mihogo iko nyuma.

Nazungumzia Land Rover za Series, hasa ile ndefu ya 109, namba inayohesabu inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948. Series II ilifuata 1958, IIA 1961, na Series III ikatengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Hizi ndizo zilizopanda milima ya Buha kabla lami haijafikiriwa, zikiwa na namba za ST za serikali, SU za mashirika ya umma, au msalaba wa misheni mlangoni. Nyingi zina injini ya petroli ya lita 2.25, yaani cc 2,286, na zipo za dizeli zenye ujazo uleule. Baadaye Toyota Land Cruiser zilishika nafasi yao, hasa katika misafara ya kwenda kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta. Ndiyo maana fundi kijana wa leo anaijua injini yao ya 1HZ kama kiganja chake, na pikipiki ya bodaboda anaifungua akiwa amefumba macho, lakini ukimwambia afungue distibyuta ya Land Rover atakuta pointi na kuuliza ni kitu gani. Usimdharau. Kaa naye, mfungue pamoja, mjifunze pamoja. Oktoba 2024 Arusha ilijaza Land Rover kwenye tamasha lake, na tangu hapo watu wameanza kuyatazama upya magari waliyokuwa wakiyauza kwa kilo kama chuma chakavu. Sikuombi ulifufue kwa ajili ya tamasha. Lifufue kwa sababu ni gari linaloweza kutengenezwa kwa spana, nyundo na akili, na huku kwetu magari ya namna hiyo yanazidi kupungua.

Anza na karatasi kabla ya spana. Namba ya chasisi imeandikwa kwenye kibati ndani ya kebini, na imechongwa pia kwenye chasisi yenyewe, mbele upande wa kulia, kwenye kishikio cha springi. Sugua kwa brashi ya waya mpaka uione, kisha ilinganishe na kadi ya gari. Kama mwenye gari ameshafariki, usimlipe mtoto mmoja wa marehemu pembeni hata akiwa ameshika funguo. Muulize msimamizi wa mirathi ni nani, na mahakama imemthibitisha lini. Nimeona gari limefufuliwa kwa miezi minane ya jasho, likapakwa rangi, halafu ndugu wakatokea. TRA haiwezi kubadilisha jina la umiliki kwa maneno ya mdomo.

Sasa lala chini ya gari na nyundo ndogo. Bodi ya Land Rover ni alumini, kwa sababu Uingereza baada ya vita ilikuwa na uhaba wa chuma, na alumini hiyo ndiyo inayodanganya wanunuzi. Juu kunang'aa, chini chasisi ya chuma imeoza kama mti ulioliwa na mchwa. Gonga kila hatua. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kopo lenye matope. Gonga zaidi ile mikono ya pembeni inayobeba bodi, boriti ya mwisho nyuma, vishikio vya springi, na sakafu ya miguu ya dereva. Udongo wetu mwekundu ukijaa ndani ya chasisi hauachi maji. Unayashika kuanzia Novemba hadi Aprili na kuyatumia kula chuma taratibu. Tundu moja si msiba. Chasisi iliyooza kwenye vishikio vya springi pande zote mbili, hilo ni gari la kuchukulia spea, na ni heri ulijue leo kabla hujatoa hela.

Ukiamua kuchomelea, tangi la mafuta litoke kwenye gari kwanza. Litoke kabisa, lipelekwe mbali. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, maana ndani yake kuna mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa, na cheche moja inatosha kulipasua. Fundi akikuambia amechomelea hivyo miaka 20 na hajawahi kupata shida, mshukuru, kisha litoe tangi mwenyewe. Toa na betri.

Gari lililokaa sana lina wenyeji. Panya wamekula ganda la waya na kuweka viota kwenye kichujio cha hewa. Nyigu wamejenga kwa tope ndani ya bomba la moshi, na wamejenga pia kwenye kile kitundu kidogo kinacholiruhusu tangi kuvuta hewa. Kitundu hicho kikiziba, gari litawaka, litakwenda kilomita mbili, litazima kwa kukosa mafuta, na utahangaika na kabureta bure. Nyuki nao wanapenda bodi ya Land Rover. Usiwachome. Tuko jirani na Kibondo, nchi ya asali, hutakosa mtu wa mizinga. Mwite jioni, awahamishe kwa moshi, naye ataondoka na kundi zima.

Baada ya hapo ndipo tunaiamsha injini. Fungua plagi zote nne, zipange kwa mpangilio wa silinda ili baadaye uzisome. Mimina katika kila tundu vijiko viwili au vitatu vya dizeli iliyochanganywa na oili nusu kwa nusu. Uondoke. Rudi kesho uongeze, na keshokutwa. Kama gari limekaa zaidi ya miaka kumi, liache wiki nzima. Wakati huo fungua kifuniko cha tapeti juu ya injini na utazame kama springi zote za valvu zimesimama sawa, kwa sababu valvu moja iliyokwama ikiwa wazi itakutesa baadaye kwa kujifanya tatizo la moto. Mwaga oili ya zamani. Ikitoka na rangi ya maziwa, maji yameingia, na utakuwa na kazi ya gasketi ya silinda hedi mbele yako. Injini hii inakula oili kati ya lita 6 na 7 ukihesabu na kichujio.

Land Rover za Series zilikuja na hendeli ya kuzungushia injini kutoka mbele. Kama haipo, tafuta au chongesha, maana ndicho kifaa bora kuliko vyote katika kazi hii. Weka gia huru, plagi zikiwa nje bado, na uizungushe injini kwa mkono polepole. Ikigoma usining'inie kwenye hendeli kwa uzito wa mwili wala usiongeze bomba refu. Rudi nyuma robo, nenda mbele robo, ongeza mchanganyiko, subiri siku nyingine. Na usikubali kamwe gari livutwe na trekta kwenye gia ili injini iliyoganda iachie. Inaachia kweli, lakini inaachia na koni rodi iliyopinda.

Ikizunguka laini, endelea hadi mizunguko 30 hivi ili oili ianze kupanda. Sasa unaweza kuunga betri, lakini tazama kwanza waya upi umefungwa kwenye chasisi. Za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 nyingi zilifungwa chanya kwenye chasisi, kinyume na magari ya leo. Ukigeuza bila kujua, unaweza kuunguza alteneta ambayo mtu aliiweka baadaye. Plagi zikiwa bado nje, piga stata kwa sekunde kumi kumi mpaka taa ya oili izime au mshale upande. Hiyo ndiyo stata ya kwanza, na haina nia ya kuwasha. Injini inanyweshwa tu.

Rudisha plagi. Weka petroli mpya. Ile iliyokuwa kwenye tangi imwagwe yote hata kama ni lita 20. Petroli iliyokaa mwaka inageuka kama gundi, na harufu yake inafanana na rangi ya nyumba. Na hiyo mpya uipime. Petroli ya chupa inayouzwa vijijini kwa bodaboda imepita mikono mingi. Mimina kidogo kwenye chupa nyeupe, iache itulie. Maji yatakaa chini na utauona mstari. Dondosha tone kwenye karatasi. Petroli safi inakauka na kupotea, lakini ikiacha doa la mafuta imechanganywa na mafuta ya taa. Uchakachuaji ulipungua sana serikali ilipopandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011, lakini kidumu kilichobeba mafuta ya taa jana kinabeba petroli leo, na hiyo kodi haikisafishi.

Piga stata. Tuseme haijawaka. Hapa ndipo watu wanapoteza akili, mmoja anafungua kabureta, mwingine anageuza distibyuta, wa tatu anasukuma. Wasimamishe wote. Injini ya petroli inahitaji vitu vitatu tu: mgandamizo, moto na mafuta, na moto ufike kwa wakati wake. Ulizia kimoja kimoja.

Kabla hata ya hivyo vitatu, sikiliza stata yenyewe. Ikisema "ka" mara moja na taa zikafifia, betri imekwisha au vichwa vyake vina ukoga mweupe. Betri nzima iliyotulia inasoma volti 12.6, na wakati stata inazunguka isishuke chini ya 10 kwa kiasi kikubwa. Ikisema "ka" na taa zisififie, shuku ethi; washa taa kubwa umwache mtu azitazame wakati unapiga ili ujue. Katika gari lenye bodi ya alumini na chasisi ya chuma, ethi ndiyo mgonjwa wa kudumu. Alumini na chuma vikigusana kwenye unyevu vinatengeneza unga mweupe usiopitisha umeme. Chukua waya mnene, uunge kutoka kwenye kichwa cha betri cha ethi moja kwa moja hadi kwenye bloku ya injini. Stata ikichangamka ghafla, kasoro umeipata bila kununua chochote: safisha ule mkanda wa waya kati ya injini na chasisi, piga msasa, paka grisi, kaza.

Mgandamizo unaupima kwa hendeli. Mizunguko miwili kamili ya injini itakupa uzito mara nne, mmoja kwa kila silinda. Ukiusikia uzito, uzito, uzito, halafu pengo, silinda moja haishiki. Mimina kijiko cha oili kwenye silinda hiyo. Uzito ukirudi, ni ringi, na pengine zitakaa sawa zenyewe injini ikifanya kazi siku chache. Usiporudi, ni valvu au gasketi. Unaposhika hendeli, kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, na uvute kutoka chini kwenda juu, usisukume kushuka. Injini ikirudisha teke, hendeli itakuponyoka kiganjani. Ukiwa umeizungushia kidole gumba, itakivunja. Hili nalisema kwa uzito wote, hata kwa vijana wenye nguvu, na hasa kwao.

Moto. Chomoa plagi ya silinda ya kwanza, iliyo karibu na rejeta, iunge kwenye waya wake, uilaze igusane na chuma cha injini mbali na petroli yoyote, mtu apige stata. Unataka cheche ya buluu inayolia "ta ta ta". Rangi ya chungwa iliyokonda ni moto dhaifu, utawaka mezani na kuzimika ndani ya silinda. Kama hakuna kabisa, usikimbilie koili. Mimi nilikimbilia. Niliagiza koili, nikaingoja siku tisa, nikaifunga, injini kimya vilevile. Kasoro ilikuwa kwenye pointi, utando mwembamba wa ukoga usioonekana kwa macho, ambao ungetoka kwa kipande cha karatasi ngumu. Siku zile tisa ndizo zilizonifundisha kutengeneza taa ya kupimia: balbu ndogo ya gari, waya mbili, basi.

Fungua kifuniko cha distibyuta. Chukua karatasi ngumu ya boksi au msasa laini kabisa, pitisha katikati ya pointi mara kadhaa. Zungusha injini kwa hendeli mpaka pointi zifunguke kabisa, pima pengo: milimita 0.35 hadi 0.40. Kama huna kipimio, nunua kipimio kabla ya kununua kitu kingine chochote. Sasa unga taa yako kati ya waya mwembamba wa koili unaokwenda kwenye distibyuta na ethi, washa swichi, zungusha injini taratibu. Taa iwake pointi zikifunguka, izime zikifunga. Isipowaka kabisa, umeme haufiki au umeishia ethi njiani: fuata waya nyuma hadi kwenye swichi, na tazama yale meno ya panya. Ikiwaka bila kuzima, pointi hazishiki. Ikiwaka na kuzima vizuri na bado hakuna cheche, shuku kondensa kwanza, kisha rota, kisha koili. Kondensa ni kidude kidogo cha bei nafuu na ndicho kinachokufa zaidi. Kifuniko nacho kipanguse kikauke. Vumbi letu jekundu likipata umande wa alfajiri linakuwa njia ya umeme, na ufa mwembamba kama unywele ndani ya kifuniko hutauona mchana. Utauona usiku, injini ikizungushwa, cheche zikitembea mahali zisipotakiwa.

Plagi ziwe na pengo la milimita 0.75 hadi 0.80. Zisome kama unavyosoma uso wa mtu. Iliyoloa petroli inasema mafuta yamefika, moto haukuja. Iliyokauka inasema mafuta hayakufika. Nyeusi yenye masizi inalalamika kwamba mafuta ni mengi, na hilo huku kwetu ni la kutarajia, kwa sababu Kasulu iko juu, mita 1,300 hivi kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo, na kabureta iliyorekebishwa pwani inamimina kupita kiasi.

Mafuta, basi. Pampu ya injini hii ni ya kimakanika, na nyingi zina mkono mdogo wa kupampia kwa kidole na bakuli la kioo chini yake. Kioo hicho ni zawadi. Ukiona mchanga, maji au kutu, umeshapata nusu ya jibu. Chomoa bomba kwenye kabureta, elekeza kwenye chupa, pampu kwa kidole. Petroli iruke kwa nguvu. Ikidondoka kwa uvivu, puliza bomba kurudi tangini, tazama kitundu cha hewa cha tangi, tazama mipira iliyopasuka inayovuta hewa badala ya mafuta. Ikiruka vizuri na plagi bado ni kavu, tatizo limo ndani ya kabureta. Kabureta ya Zenith, iliyofungwa kwenye nyingi kati ya Land Rover hizi, ina ugonjwa wake: kifuniko cha juu kinapinda kwa kukazwa kupita kiasi, na kile kipete cha mpira ndani kinakauka. Hapo injini inakataa kutulia ikiwa taratibu, ingawa ukikanyaga inakwenda. Laza kifuniko juu ya kioo cha dirisha, tazama kama mwanga unapita chini yake. Kikiwa kimepinda, kisugue juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo hichohicho mpaka kilale sawa. Majeti puliza, usichokonoe kwa waya, maana tundu likitanuka halirudi.

Usimwage petroli kwenye mdomo wa kabureta wakati mtu anapiga stata. Injini ikipiga chafya moto unarudi usoni kwako. Kama lazima ujaribu, weka kijiko kimoja, rudisha kichujio cha hewa, ondoka mbele, ndipo ipigwe.

Mgandamizo upo, cheche ipo, mafuta yapo, na bado inapiga chafya tu na kurusha moto nyuma? Basi moto unafika wakati usio wake. Mtu alichomoa waya akazirudisha kwa kukisia. Ziba tundu la plagi ya kwanza kwa kidole, zungusha hendeli mpaka usikie upepo unasukuma kidole, endelea hadi pistoni iwe juu kabisa. Rota inapoelekea sasa ndipo waya wa silinda ya kwanza unapokaa. Nyingine zifuate kwa mpangilio wa 1, 3, 4, 2, ukifuata upande rota inakozungukia, ambao kwenye injini hii ni kinyume cha mishale ya saa. Usiniamini mimi, itazame mwenyewe inavyozunguka.

Wa dizeli ana njia fupi zaidi. Hana pointi, hana koili. Ana upepo kwenye mabomba na baridi ya asubuhi. Legeza skrubu ya kutolea upepo kwenye kichujio, pampu kwa mkono mpaka mapovu yaishe na itoke dizeli tupu, kaza, kisha fanya vivyo hivyo kwenye pampu kubwa, na mwisho legeza nati za mabomba ya nozeli wakati stata inazunguka. Plagi za kupashia joto kwenye dizeli za Series zimeungwa kwa mnyororo, umeme ukitoka moja kwenda nyingine, kwa hiyo ikifa moja zote zinapoa. Gusa taa yako kwenye kila plagi kuanzia upande umeme unakoingia. Pale taa inapokoma kuwaka, iliyo kati ya hapo na mguso uliotangulia ndiyo marehemu. Spreyi za kuwashia injini usizitumie hapa, zikikutana na plagi yenye moto zinapasua pistoni.

Imewaka. Iache itulie kwa mwendo wa chini, tazama oili, tazama maji. Alteneta au dainamo ikifanya kazi utasoma volti kati ya 13.8 na 14.4 kwenye betri. Ikishapoa pima tapeti, milimita 0.25 zote.

Kabla ya kulitembeza, breki zifunguliwe zote, bila mjadala. Land Rover nyingi za zamani zina mzunguko mmoja wa mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne, kwa hiyo bomba moja likipasuka huna breki hata nusu. Badili mipira yote ya silinda za breki hata inayoonekana nzima. Na breki ya mkono inashika propela shafti nyuma ya giaboksi, haishiki magurudumu. Ni ya kuegeshea tu. Ukiivuta gari likitembea unaweza kuvunja ekseli. Rangi na viti utavifanya siku yoyote ukipata hela.

Safari ya kwanza iwe fupi na ya tambarare, asubuhi, ukiwa na maji, kondensa ya akiba, kipimio, taa yako na kitambaa kilicholoa. Baada ya kilomita kumi simama, shuka, gusa katikati ya kila gurudumu kwa kiganja. Lililo moto kuliko wenzake lina bearingi iliyobanwa au breki inayokwaruza. Usifungue kifuniko cha rejeta, katika mwinuko wetu maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi na yanasubiri upenyo tu. Sasa zima injini, uketi kivulini dakika 15. Joto lililobaki ndani litapanda kwenye pampu na kabureta, petroli itaanza kugeuka mvuke, na kondensa iliyochoka itajisaliti. Injini iliyowaka ikiwa baridi imekwambia nusu tu ya habari zake. Kama itagoma, funga kitambaa kibichi kwenye pampu, ungoje kidogo, ukague cheche kabla ya chochote. Ingia ndani. Usivute choki, usikanyage zaidi ya robo. Piga stata.